Waruinge na Wangila: Vizazi Viwili vya Ndondi na Somo kwa Watoto wa Nakuru



Mtu akitaja ndondi mbele ya wazee wa mji wetu, haichukui muda kabla ya mabishano kuanza. Mmoja atasema Kenya haijapata bondia kama Philip Waruinge. Mwingine, ambaye huenda alikuwa kijana mwaka wa 1988, atasema dhahabu ya Olimpiki ni dhahabu, na aliyeileta ni Robert Wangila peke yake. Chai itapoa kabla hawajakubaliana.

Kwa kuwa mwaka huu tunawaomba mchango kwa ajili ya vijana wanaofanya mazoezi ya ndondi hapa kwetu, tumeona vyema tulete mabishano hayo katika kijitabu hiki na kuyatazama kwa makini. Waruinge ni wa kwetu, ametokea katika ndondi za Nakuru. Wangila alizaliwa Nairobi, lakini fahari yake ilikuwa ya nchi nzima, na yaliyompata yanamhusu kila mzazi ambaye mwanawe amefunga glavu. Wote wawili walianza katika ndondi za ridhaa, wakavuka hadi ndondi za kulipwa katika nchi za mbali. Kati ya kuzaliwa kwa mmoja na mwingine kuna miaka 22, yaani kizazi kizima.

Philip Waruinge: mtaalamu wa ulingo

Waruinge alizaliwa mwaka wa 1945. Kenya ilipopata uhuru Desemba 1963 alikuwa na miaka 18, na mwaka uliofuata alikuwa Tokyo akiiwakilisha katika Olimpiki. Hakurudi na medali safari hiyo. Miaka miwili baadaye, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola iliyofanyika Kingston, Jamaika, alishinda dhahabu ya uzani wa unyoya, ule wa kilo 57. Michezo hiyo ndiyo iliyowatangaza Kip Keino na Naftali Temu kwa mbio zao, hivyo vijana wa leo husikia habari za wakimbiaji tu. Nao mabondia walikuwepo. Mwaka wa 1970, mjini Edinburgh, Waruinge aliitetea dhahabu yake na kuishinda tena.

Katikati ya dhahabu hizo mbili kuna Mexico, mwaka wa 1968. Waruinge alifika nusu fainali na kukutana na Antonio Roldán, mwenyeji, mbele ya watu wake. Majaji walikuwa watano. Watatu walimpa Roldán, wawili wakampa Waruinge. Roldán alikwenda kutwaa dhahabu, na Waruinge akabaki na shaba, medali ya kwanza ya Olimpiki ya Kenya katika ndondi.

Lakini mashindano yalipokwisha, waliohusika na kuchagua bondia bora wa Olimpiki nzima walimpa kombe la Val Barker. Kombe hilo hutolewa kwa bondia anayeonyesha ustadi wa hali ya juu kuliko wote, wa uzani wowote. Katika Olimpiki hiyohiyo kijana mmoja Mmarekani aitwaye George Foreman alishinda dhahabu ya uzani mzito. Kombe halikwenda kwake. Lilikwenda kwa Mkenya mwenye medali ya shaba. Ukisoma orodha ya waliowahi kulipata, utakuta Nino Benvenuti wa Italia, Teófilo Stevenson wa Kuba, Roy Jones wa Marekani na Vasyl Lomachenko wa Ukraine. Jina la Waruinge limo humohumo, halijafutika.

Mwaka wa 1972 alikwenda Munich, Olimpiki yake ya tatu, akiwa na miaka 27. Safari hii alifika fainali. Mpinzani wake alikuwa Boris Kuznetsov wa Umoja wa Kisovieti. Majaji watano tena, na hesabu ikawa ileile: watatu kwa wawili, dhidi ya Waruinge. Alipata fedha. Samuel Mbugua na Dick Murunga nao walirudi na shaba, na Munich ikawa Olimpiki ambayo mabondia wa Kenya walileta medali tatu kwa mpigo.

Tukumbuke pia kwamba Waruinge alipigana zama ambazo mabondia wa ridhaa hawakuvaa kofia ya kinga. Kichwa kilikuwa wazi, na kinga yake ilikuwa miguu, macho na akili.

Ndipo mwaka wa 1973 akaingia ndondi za kulipwa. Hakwenda Marekani wala Uingereza. Alikwenda Japani, na huko alipigana kwa jina la Waruinge Nakayama. Alikuwa na miaka 28. Katika uzani mwepisi huo si umri wa kuanza. Mabondia wengi wadogo wa mwili huwa kileleni wakati huo, na wengine wameshaanza kushuka. Makonde yake bora aliyatoa kwa ajili ya bendera, bila malipo, kwa karibu miaka kumi.

Aprili 1976 alipata nafasi yake. Baraza la Ndondi Duniani, WBC, lilikuwa limeanzisha ubingwa mpya wa uzani wa super bantam, ambao kikomo chake ni kilo 55 na ushei. Waruinge, mwenye miaka 30 sasa, alilazimika kushuka chini ya uzani aliouzoea maisha yake yote. Pambano lilifanyika Panama, nyumbani kwa mpinzani wake Rigoberto Riasco. Lilikatizwa kabla ya raundi zote kwisha, na Riasco akawa bingwa wa kwanza wa uzani huo. Waruinge alimaliza ndondi za kulipwa akiwa na mapambano 25: ameshinda 14, ameshindwa 10, na moja sare. Aliaga dunia Oktoba 2022.

Anayesoma hesabu hiyo ya 14 kwa 10 bila kujua yaliyotangulia atadhani huyu alikuwa bondia wa kawaida. Hesabu hiyo ni ya miaka ya jioni. Mchana wake uliandikwa Kingston, Mexico, Edinburgh na Munich.

Katikati: kizazi kilichofungiwa mlango

Kati ya Waruinge na Wangila kuna pengo ambalo watu husahau. Mwaka wa 1976 Kenya ilisusia Olimpiki ya Montreal pamoja na nchi nyingi za Afrika, kwa sababu New Zealand ilikuwa imecheza raga na Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi na bado ikaruhusiwa kushiriki. Mwaka wa 1980 ikasusia tena, safari hii Moscow.

Aliyelipa gharama kubwa ni Stephen Muchoki. Alishinda dhahabu ya Jumuiya ya Madola mwaka wa 1974 na tena 1978, na mwaka huohuo wa 1978 akawa bingwa wa dunia wa ridhaa mjini Belgrade. Lakini Olimpiki hakuonja hata moja. Alikwenda Denmark kupigana kwa malipo, na Machi 1983, mjini Copenhagen, alipigania ubingwa wa dunia wa WBA dhidi ya Santos Laciar wa Argentina, akashindwa katika raundi ya tisa.

Muchoki anatuonyesha kwamba safari ya Waruinge haikuwa bahati mbaya ya mtu mmoja. Ilikuwa njia. Kijana analelewa katika ndondi za ridhaa, mara nyingi akiwa na kazi katika jeshi, polisi, magereza au kampuni yenye timu. Ana mshahara, ana kocha, ana wenzake. Siku anapoamua kulipwa kwa makonde yake, yote hayo anayaacha mlangoni. Anapanda ndege kwenda kwa mwenye mapambano ambaye anamjua kwa barua tu, katika nchi ambayo hana ndugu.

Robert Wangila: dhahabu na gharama yake

Wangila alizaliwa Septemba 1967. Waruinge alipopewa kombe lake Mexico, Wangila alikuwa mtoto wa mwaka mmoja. Alipokwenda Seoul mwaka wa 1988 alikuwa na miaka 21, akipigana uzani wa welta, kilo 67. Kofia ya kinga ilikuwa sasa ni lazima katika Olimpiki.

Kofia haikumsaidia sana mpinzani wake wa fainali. Laurent Boudouani wa Ufaransa aliangushwa katika raundi ya pili, na Robert Wangila akawa Mkenya wa kwanza kushinda dhahabu ya Olimpiki katika ndondi. Hadi leo hajapatikana wa pili. Hakuachia majaji nafasi ya kugawanyika watatu kwa wawili. Na kama kuna anayedhani alimpiga mtu dhaifu, ajue kwamba Boudouani huyohuyo alikuja kuwa bingwa wa dunia wa WBA mwaka wa 1996. Katika timu ileile ya Seoul, Chris Sande alirudi na shaba. Medali zote za Olimpiki ambazo Kenya imepata katika ndondi ni saba, na mbili za mwisho ni hizo za Seoul. Tangu hapo hatujapata nyingine.

Wangila hakungoja kama Waruinge. Mwaka wa 1989 alikuwa tayari ameingia ndondi za kulipwa Marekani. Kwa umri, huo ulikuwa uamuzi mzuri: aliingia sokoni akiwa na nguvu zake zote. Lakini alikwenda penye soko gumu kuliko yote duniani, katika uzani wenye msongamano wa mabondia wakali, na dhahabu yake ilimfanya awe mtu wa kuwindwa. Alipigana mapambano 27 kwa karibu miaka mitano. Alishinda 22, kati ya hayo 16 kwa kuwaangusha wapinzani. Alishindwa 5. Mkanda wa dunia hakuupata.

Pambano la mwisho lilikuwa Las Vegas, Julai 22, 1994, dhidi ya David Gonzales. Katika raundi ya tisa refa Joe Cortez alisimamisha pambano. Wangila alikuwa bado amesimama, na alilalamika kwamba amekatizwa mapema. Muda mfupi baadaye, katika chumba cha kubadilishia nguo, alianguka na kuzimia. Alipasuliwa kichwa hospitalini, lakini hakuzinduka. Alifariki Julai 24, akiwa na miaka 26.

Madaktari wanaeleza kwamba konde la kichwa linaweza kupasua mshipa mdogo wa damu kati ya ubongo na fuvu. Damu huvuja, nafasi ndani ya fuvu ni ndogo, na ubongo hubanwa. Mtu anaweza kuongea, kutembea, hata kubishana, kisha akaanguka. Ndiyo maana neno la bondia mwenyewe kwamba yuko sawa halitoshi. Bondia amefundishwa tangu utotoni kusema yuko sawa.

Tukiwapima

Sasa turudi kwenye swali la wazee. Nani mkubwa?

Ukipima kwa rangi ya medali, Wangila ameshinda, hakuna ubishi. Dhahabu moja ya Olimpiki inazidi fedha na shaba. Ukipima kwa muda na uthabiti, Waruinge yuko mbele: Olimpiki tatu, medali mbili, dhahabu mbili za Jumuiya ya Madola zilizopishana miaka minne, na kombe la bondia bora wa dunia ya ridhaa. Tena alipoteza mara mbili kwa kura ya jaji mmoja. Jaji mmoja tu angegeuka pale Munich, na wazee wetu wangekuwa wanabishana kuhusu dhahabu mbili.

Kuna jambo jingine la kuwapa wanaompendelea Waruinge. Seoul, mwaka wa Wangila, kombe la Val Barker lilikwenda kwa Roy Jones, ambaye majaji walimnyima dhahabu katika uamuzi uliolaaniwa dunia nzima. Kwa hiyo kombe hilo limewahi kuwa mikononi mwa watu ambao ustadi wao ulionekana na kila mtu isipokuwa majaji wa siku hiyo. Waruinge alikuwa mmoja wao, miaka 20 kabla.

Ukipima kwa nguvu ya konde, Wangila. Kwa miguu na ujanja, Waruinge. Katika ndondi za kulipwa Wangila ana hesabu bora zaidi, lakini Waruinge ndiye aliyefika hadi kwenye pambano la ubingwa wa dunia, akiwa na miaka 30 na katika uzani usio wake. Sisi tukilazimishwa kuchagua tutamchagua Waruinge, na msituambie ni kwa sababu ya ujirani tu.

Lakini kipimo kinachotugusa zaidi ni kingine. Tazameni umri wao wa kuvuka. Mmoja alivuka akiwa na miaka 28, mwingine 21. Mmoja alichelewa na mwingine aliwahi. Mmoja alikwenda mashariki, mwingine magharibi. Njia zilikuwa tofauti kabisa, na bado wote wawili walifika ng'ambo bila kitu kilekile: watu wa nyumbani wa kusimama nao. Walikosa mtu wa kwao wa kusoma mkataba kabla hawajatia sahihi, na wa kusema pambano hili tulikatae, au mwili umechoka, turudi. Nchi iliwapigia makofi uwanjani na kuwaaga uwanja wa ndege. Baada ya hapo walijitegemea.

Wahenga walisema usione vyaelea, vimeundwa. Medali tulizoziona zikielea Mexico, Munich na Seoul ziliundwa na makocha wa kumbi ndogo, waajiri waliowapa vijana muda wa mazoezi, na akina mama waliopika chakula cha kutosha mtu anayekimbia alfajiri. Uundaji huo ulikoma mlangoni mwa ndondi za kulipwa. Hapo ndipo chombo kilipoanza kuingiza maji.

Kwamba inawezekana kufika mbali zaidi, tumeona. Mwaka wa 2016 Fatuma Zarika, mama kutoka Nairobi, alikwenda Marekani na kurudi na mkanda wa dunia wa WBC kwa wanawake, uzani wa super bantam. Ni uzani uleule na baraza lilelile lililomponyoka Waruinge kule Panama miaka 40 kabla. Kwa hiyo tunapozungumza juu ya vijana wa ndondi, tunawazungumzia wasichana pia. Wapo ukumbini, na wengine wanawashinda wavulana kwa bidii.

Mchango wenu unakwenda wapi

Nakuru imekuwa jiji tangu Desemba 2021. Bado tuna ukumbi wa ndondi unaojulikana kwa jina la Madison Square Garden, jina la ukumbi maarufu wa New York. Watoto wanaoingia kufanya mazoezi jioni hawajui habari za Kuznetsov wala Boudouani. Wanajua tu kwamba ndondi ni njia mojawapo ya kutoka mtaani.

Kamati haiwaombi mnunue glavu peke yake. Glavu zinahitajika, na mifuko ya mazoezi pia. Lakini kutokana na historia tuliyoisimulia, tumekubaliana mambo matatu yatangulie.

La kwanza ni daktari. Kila kijana apimwe kabla ya msimu, na aliyepigwa kichwani apumzishwe hadi daktari aseme arudi. Kocha asiamue peke yake, na kijana asiamue kabisa.

La pili ni karo na ufundi. Bondia anayejua kuunganisha nyaya za umeme, kutengeneza gari au kufanya hesabu za duka ana mahali pa kushuka siku mwili utakapokataa. Asiye na pa kushuka hupigana mapambano matano zaidi ya yaliyompasa.

La tatu ni mwanasheria wa kwetu. Miongoni mwenu mko mliosomea sheria. Tunawaomba saa chache kwa mwaka, bila malipo, ili kijana wa Nakuru akiletewa mkataba wa kupigana nje asomewe na mtu anayemtakia mema kabla hajaweka kidole gumba. Na ninyi mlio ng'ambo, mnaweza kumpokea akifika na kukaa kwenye kona yake usiku wa pambano. Hata kama hamjui ndondi, mtajua sura yake inapobadilika.

Wazee waendelee kubishana. Tungependa kizazi kijacho kiongeze jina la tatu kwenye mabishano hayo, na tungependa mwenye jina hilo awepo mezani, mwenye afya na kazi yake, akinywa chai na kuwakosoa wote. Fomu ya ahadi na namba ya kutumia mchango ziko mwishoni mwa kijitabu. Toeni mlichojaliwa. Mungu awabariki, na karibuni sana siku ya harambee.